Diski ya buluu

Diski imelazwa juu ya gunia mbele ya banda la fundi wa baiskeli, hapa Malindi, na haina tena rangi ya chuma. Ukingo wake umeingia buluu, buluu ikaingia zambarau, na karibu na matundu ya ndani kuna umanjano kama doa la chai kwenye kanzu. Ni rangi ile ile ya ekzosi ya bodaboda iliyozoea kubeba abiria wawili na mfuko wa simiti.

Baiskeli ilikotoka imeegemezwa ukutani. Mwenyewe ni Mwitaliano, mmoja wa wale wanaorudi Malindi kila kaskazi ikianza kuvuma. Kabla ya kuipakia kwenye ndege alikuwa ameshuka nayo mlima hadi Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia. Kwa fundi ameileta na malalamiko mamoja tu: breki ya mbele inapiga kelele.

Kijana anayejifunza kazi pale aliigeuza diski mara mbili.

"Ami, si alikuwa anashuka tu? Kushuka kuna kazi gani? Si kuachia?"

Fundi hakumjibu. Alizichomoa pedi mbili za breki, akamtilia kiganjani. Zimekwisha mpaka kwenye bati.

Neno hilo, kuachia, limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa.

## Njia yenyewe

Waendesha baiskeli huiita kwa namba yake: 601. Inaanzia juu ya Monte Altissimo di Nago, mita 2,079 juu ya usawa wa bahari, na kuishia upande wa Torbole, kijiji kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Maji ya Garda yako mita 65 tu juu ya bahari. Toa hesabu: unashuka zaidi ya mita 2,000 kabla hujalowesha mguu.

Juu kuna nyasi na kokoto zilizolegea. Chini kuna ngazi za mwamba wa chokaa ambazo viatu na matairi vimezisugua mpaka zinateleza hata zikiwa kavu. Zikinyeshewa, usiende. Mtu wa pwani atasema anaijua chokaa, kwa kuwa matumbawe tunayojengea nyumba ni chokaa vilevile. Ni kweli, lakini jiwe letu lina meno. Linachana tairi ila halikuangushi. La Garda limeng'arishwa, na tairi likilikanyaga kwa ubavu huku breki imekazwa, halina cha kushikilia.

Watu wamewahi kupigania mlima huu. Oktoba 1915 kikosi cha wapanda baiskeli wa kujitolea kutoka Lombardia kilipigana Dosso Casina, kwenye mbavu za Altissimo, na miongoni mwao walikuwamo mshairi Marinetti na mchoraji Boccioni. Wapanda baiskeli hao walipigana kwa miguu. Boccioni alifariki mwaka uliofuata, kwa kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi.

## Sufuria ya lita sita

Sasa turudi kwenye buluu ile.

Chukua mwendeshaji wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 15. Kilo 90 zikishuka mita 2,000 zinaachilia nguvu ya jouli milioni 1.77 hivi. Nguvu hiyo ingeweza kuchukua lita sita za maji ya mfereji wa Malindi, yenye nyuzi 30, na kuyachemsha. Sehemu yake huchukuliwa na upepo unaokupiga kifuani, sehemu nyingine na matairi yanayokandwa na mawe. Inayobaki, na kwenye njia ya polepole ndiyo kubwa, inapitia kwenye vyuma viwili vyenye unene wa milimita 1.8.

Kuna jambo ambalo mwoga halioni. Kwenye mteremko wa asilimia 20, ukienda kilomita 10 kwa saa huku vidole vimeng'ang'ania breki, unazalisha karibu wati 480 bila kukoma. Ni nusu ya pasi ya umeme iliyowashwa na haizimwi. Na kwa mwendo huo hewa inayopita kwenye diski ni haba. Anayeachia breki panaponyooka, kisha akazikaza kwa nguvu sekunde mbili kabla ya kona na kuziachia tena, anaipa diski nafasi ya kupumua. Anayezikokota tangu juu hadi chini anaipika.

Kwa hiyo kijana hakukosea kabisa. Kuachia kumo. Kumo kwa vipande, na kila kipande kinalipiwa na breki kali kabla yake.

Ukubwa wa diski nao una maneno yake. Diski ya milimita 203 inakupa nguvu ya kuzuia inayozidi ile ya 160 kwa takriban asilimia 27, kwa kidole kile kile, kwa sababu pedi inashika mbali zaidi na kitovu. Kwa njia kama 601 ningeweka 203 mbele, na nyuma isiyopungua 180. Pedi za unga wa metali zinavumilia moto kuliko za utomvu, ingawa zinapiga kelele na zinachelewa kushika zikiwa baridi. Na juu pale ni baridi: joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni kuna upungufu wa nyuzi 13 ukilinganisha na ziwani. Mtu wa Malindi ataanza safari na vidole vilivyokufa ganzi, kwenye pedi ambazo hazijaamka. Mita 200 za mwanzo ziendee taratibu.

## Kushua

Nilipokuwa nikilitafakari neno la yule kijana, lugha yenyewe ndiyo iliyonizindua. Kuna kushuka, na kuna kushua.

Kushua ni kukiteremsha chombo kipya majini, na aliyewahi kusimama Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kule Lamu, siku ya kushua anajua. Jahazi limekamilika, bahari iko palepale, mteremko wenyewe ni mdogo. Hata hivyo hakuna anayeliachia. Kuna magogo chini, kamba nyuma, watu ubavuni, na mtu mmoja anayeimba ili mikono yote ifanye kazi kwa pamoja. Ukiliachia litalala ubavu kabla ya kufika majini.

Na Torbole kulishuliwa vyombo. Mwaka 1439 Venisi ilikuwa vitani na Milano, na ilitaka manowari zake ziingie Garda wakati njia ya maji ya kusini ilikuwa mikononi mwa adui. Wakazipandisha kwa Mto Adige, wakazitoa majini, wakaziburuta kwa mafahali kuvuka mlima, kisha wakaziteremsha kutoka Nago hadi Torbole. Huko kupanda kulihitaji misuli. Kushuka kulihitaji kamba zilizozungushwa kwenye miti na kulegezwa kidogo kidogo. Mashua zilizoburutwa juu kwa majuma zingeweza kuvunjika kwa dakika moja ya kuteremka.

Ziwa lenyewe lina pepo zake za saa, kama sisi tulivyo na umande na matlai. Pelèr hutoka kaskazini asubuhi, Ora hutoka kusini kuanzia adhuhuri. Nahodha wa Lamu angejifunza ratiba hiyo siku moja.

## Chupa iliyofunguliwa

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia kwenye hesabu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

Breki za majimaji ziko za aina mbili, na hazichanganywi. Kuna zinazotumia mafuta ya madini, Shimano wakiwa mmojawapo, na kuna zinazotumia majimaji ya DOT, yale yale ya magari. Mtu akikosa mafuta ya madini, anavuka barabara kwenye duka la spea za gari, ananunua DOT 4, anajaza. Siku mbili za kwanza breki inafanya kazi vizuri. Kisha mipira ya kuzibia ndani inavimba, pistoni hazirudi, pedi zinaisugua diski muda wote, na mwenye baiskeli anashangaa mbona siku hizi kukanyaga pedali kumekuwa kuzito. Kumwaga yale mafuta hakutoshi. Mipira iliyovimba haipungui, inabadilishwa.

DOT ina tabia nyingine: inanywa maji kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Hewa ya Malindi unaijua. Chumvi inaganda kwenye kikombe kabla hujaifikisha mezani. Chupa ya DOT iliyofunguliwa mwaka jana na kuwekwa dirishani si ya breki tena, hata kama imejaa nusu.

Mafuta ya madini hayanywi maji, lakini hilo lisikupe usingizi. Maji yakipenya hayachanganyiki nayo, hutulia mahali pa chini kabisa, na mahali pa chini kabisa ni kwenye kalipa, kile kibano cha pedi, penye moto. Maji ni maji. Yanachemka kwa nyuzi 100.

Yakichemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Unavuta mkono wa breki na unafika mpaka kwenye usukani bila kukutana na kitu. Hapo simama kwa namna yoyote, ikibidi kwa kuiingiza baiskeli kichakani upande wa mlimani. Usimwagie diski maji, itapinda. Ngoja ipoe yenyewe. Mkono utarudi kuwa mgumu na utadhani umepona, lakini majimaji yale yameshakwisha kazi na breki itakatika tena. Shuka ukiiburuta.

## Vidole, halafu macho

Kosa la kwanza la anayeogopa mteremko ni kukaa nyuma. Anarudisha makalio mpaka yanagusa tairi, mikono imenyooka kama ya mtu anayesukuma mkokoteni. Kwa mkao huo tairi la mbele halina uzito, na tairi lisilo na uzito haligeuki wala halisimami. Mkao ni huu: kiti chini kabisa, pedali mbili usawa mmoja, visigino vimeshuka, magoti na viwiko vimekunjwa, kifua kimeinamia usukani, uzito wote uko miguuni. Mikono iwe myepesi kiasi kwamba ungeweza kupiga kinanda. Mteremko ukizidi, baiskeli ndiyo inayosukumwa mbele. Kiwiliwili kinabaki juu ya pedali.

Kidole kimoja kwenye breki, kila upande. Sogeza mikono ya breki ndani kwenye usukani mpaka kidole cha shahada kianguke kwenye ncha yake, pale kwenye kipinda. Vidole viwili vikivuta breki, vinavyobaki kushika usukani ni viwili, na kwenye ngazi za mawe hivyo havitoshi.

Kwenye ngazi yenyewe breki ya mbele huachiwa wakati tairi la mbele linapoanguka. Hapa watu wengi huruka juu ya usukani. Tairi linatua kwenye shimo, mkono umekaza kwa woga, gurudumu linagoma na mwili unaendelea na safari. Punguza mwendo kabla ya ukingo, achia, sukuma usukani ufuate mwamba chini, kisha kaza tena penye ardhi inayoshika.

Mikono huchoka kabla ya miguu. Baada ya robo saa ya mawe, misuli ya kigasha inavimba, vidole havifunguki, na hapo ndipo ajali huingia. Simama kila dakika kumi na itikise mikono, na usingoje mpaka ikuume.

Upepo wa matairi ni hesabu ya mtu na mtu. Kwa kilo 75 na tairi la inchi 2.4 lisilo na tyubu, ningeanza na psi 23 mbele na 26 nyuma. Mwenye tyubu aongeze nne au tano, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yanayofanana, kama alama ya meno ya nyoka. Shoki ya nyuma ibonyee asilimia 30 ya mwendo wake ukiwa umesimama juu ya pedali na mavazi yote: kama nguzo yake ina mwendo wa milimita 60, basi 18. Ya mbele, asilimia 20. Funga uzi kwenye nguzo ya shoki, panda taratibu, shuka taratibu, pima uzi ulikosukumwa.

Halafu macho.

Ziwa linaonekana. Hilo ndilo tatizo lake. Njia inapinda, miti inafunguka, na chini kuna buluu iliyotandazwa katikati ya milima. Baiskeli huenda macho yanakokwenda. Kwenye kona ya kugeuka nyuma, macho yakibaki kwenye maji sekunde moja, tairi nalo linaelekea kwenye maji, na kati yake na maji kuna mita mia kadhaa za hewa. Ukitaka kulitazama ziwa, simama, teremka upande wa mlimani, tazama ushibe. Waenda kwa miguu wana haki ya njia kabla yako, na sheria za njia za mkoa wa Trentino hubadilika, kwa hiyo kibao cha pale juu kisome kabla ya kuvaa kofia. Namba ya dharura huko ni 112.

## Malindi haina mlima

Kijana wa Malindi anazungumza Kiitaliano cha ufuoni, anaijua Garda kwa picha za simu za wageni, na mlima wa karibu hana. Anaweza kujifunza kushuka wapi?

Shaka yangu ilikuwa hapa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba haiwezekani. Kisha nikaufikiria mchanga.

Mchanga laini unafundisha mikono myepesi kuliko mwalimu yeyote. Ukiukamata usukani kwa nguvu, tairi la mbele linazama na unalala. Ukiulegeza, ukakanyaga bila kukata, baiskeli inajitafutia njia. Ni somo lile lile la kokoto za juu ya Altissimo. Breki zifanyie mazoezi kwenye murram: weka vifuu viwili chini, mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwenye cha kwanza, simama kabla ya cha pili, kisha visogeze vikaribiane kila mara tatu. Ngazi anzia na moja, kisha tatu. Na simama juu ya pedali dakika kumi bila kukalia kiti, kwenye barabara yenye matuta madogo ya mfululizo, kama mbavu. Mapaja yatawaka moto. Mlimani utasimama hivyo saa nzima na zaidi.

Ziwa nalo tunalo. Jilore liko magharibi ya mji, jirani na Sabaki, na hupata maji yake mto ukifurika. Vijia vinavyoliteremkia ni vifupi, lakini vina karibu kila kitu kwa udogo: udongo mwekundu uliochimbwa makorongo na masika, mizizi, mchanga chini ya kona, na mwisho tope jeusi linalojaza tairi mpaka gurudumu haliwezi kuzunguka. Kikague kijia kwa miguu kwanza. Korongo la mwezi wa pili silo la mwezi wa saba. Akina mama wenye madumu ya maji na watoto wenye mbuzi wanapita hapo hapo, na ni wewe unayesimama, si wao. Baiskeli usiioshee ukingoni, Sabaki ina mamba. Na usikate njia kupitia msitu wa Arabuko-Sokoke bila ruhusa. Ndovu wa mle hawasikii kengele.

Jilore itakufundisha macho na mikono. Moto haitakufundisha. Mteremko unakwisha kabla diski haijajua kilichotokea.

Kuna kuendesha kwa ukaidi pia. Wapo wanaoiendesha 601 yote bila kuteremka, na wapo wazuri sana wanaoibeba baiskeli begani ngazi kumi kisha wakaendelea. Kwa muda mrefu niliwahesabu hao wa pili kuwa wameshindwa. Siwahesabu hivyo tena, hasa nikifikiria zile kamba za Nago.

## Banda la fundi, tena

Fundi alimpa kijana vernia, kipimio cha unene, aipime diski. Milimita 1.4. Kiwango cha mwisho kimechongwa juu yake yenyewe, herufi ndogo kama za sarafu: 1.5. Ikatundikwa msumarini.

Diski mpya ikafungwa, pedi mpya, mafuta ya madini yakabadilishwa yote mpaka yaliyotoka yakawa safi kama yaliyoingia. Breki mpya haishiki mpaka ifunzwe, kwa hiyo kijana akatumwa barabarani: mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kaza mpaka ukaribie kusimama bila kufunga gurudumu, achia, rudia mara 20.

Alirudi anatiririka jasho. Akaiinamia diski, akaigusa kwa ncha ya kidole kuona kama imepata joto, akakirudisha haraka na kukitia mdomoni.

"Na hiyo," fundi akasema bila kuinua kichwa, "ni barabara ya tambarare."